Darasa la chai ya kijani ya Kijapani mtandaoni: sekunde 90 zilizoharibu raha yote (uzoefu wangu)

Nilikuja hapa na nyota moja mkononi. Ngoja nieleze, maana kosa lililofanyika linaweza kumfanya mtu aamini kwamba sencha, chai ya kijani ya kawaida ya Kijapani, ni chai chungu isiyonyweka, na hilo si kweli hata kidogo.

Darasa ni vipindi vinne vya video, walimu wako Japani, na kabla ya kuanza unaletewa kifurushi: sencha, gyokuro kidogo (chai ya majani yaliyofunikwa kivulini), matcha (chai ya unga) na kadi ya maelekezo. Japani wako mbele yetu kwa saa sita, kwa hiyo kipindi chao cha saa mbili usiku, kwetu Dar ni saa nane mchana. Hapo sina tatizo. Tatizo langu ni sekunde 90.

Kadi inasema hivi kuhusu sencha: gramu 5 za majani, mililita 200 za maji ya nyuzi 70, subiri sekunde 90, mimina. Kwa sencha ya kawaida maelekezo hayo ni mazuri kabisa. Lakini majani waliyotuletea hayakuwa sencha ya kawaida. Yalikuwa fukamushi, yaani sencha iliyopikwa kwa mvuke muda mrefu, na neno hilo limeandikwa kwenye pakiti yao wenyewe! Hata asiyesoma Kijapani angeitambua kwa macho. Weka kijiko kimoja kwenye sahani nyeupe. Sencha ya kawaida ni vijiti vyembamba, virefu, vya kijani kilichokoza, vinang'aa kama sindano. Fukamushi ni vipandevipande na vumbi, kijani kinachoelekea umanjano, kama mchicha uliokaushwa ukafikichwa kwa viganja.

Tofauti hiyo si ya sura tu. Majani ya chai yakishachumwa huanza kubadilika rangi kuelekea weusi, na ndivyo inavyotengenezwa chai yetu ya kawaida. Wajapani huyazuia kwa mvuke mapema, yakabaki kijani. Sencha ya kawaida hukaa kwenye mvuke kama sekunde 30 hadi 40. Fukamushi hukaa dakika nzima, hata mbili. Nyama ya jani inalainika kupita kiasi, kwa hiyo yakifika kwenye kusokotwa hukatikakatika. Vipande vidogo hutoa kila kitu haraka: rangi, utamu, na uchungu nyuma yake. Ndiyo maana fukamushi huhitaji sekunde 30, ukizidisha sana 45. Ukiiacha 90 umeikamua hadi machicha.

Wapishi wa nazi watanielewa upesi. Tui la kwanza hulichukui kwa nguvu zako zote. Unakamua kwa kipimo, halafu unaongeza maji kwa tui la pili. Chai hii nayo ina mkamuo wa kwanza, wa pili na wa tatu. Mkamuo wa pili maji huwa ya moto zaidi kidogo na unasubiri muda mfupi sana, kama sekunde 10 tu, kwa sababu majani tayari yamefunguka. Darasa hili lilituambia tumalize yote mara moja.

Matokeo yake yalionekana kwenye kamera za watu. Kikombe kimejaa kitu kizito cha kijani kilichochafuka, ukakasi unaokausha ulimi mpaka kooni, na chini mashapo ya unga. Halafu birika likaziba. Kyusu, lile birika dogo la mpini wa pembeni, mara nyingi huwa na chujio la udongo lenye vitundu vidogo vilivyotobolewa kwenye ukuta wa ndani. Chujio hilo limetengenezwa kwa majani marefu. Fukamushi inataka wavu mpana wa chuma unaozunguka ndani au uliofunika sakafu ya birika. Ukitumia la udongo, vumbi linajipanga kwenye vitundu, maji hayatoki, na wakati unahangaika kulitikisa, chai inaendelea kuiva. Sekunde 90 zimekuwa dakika tatu. Dawa yake ni ndogo: mimina taratibu kwa mkono mmoja uliotulia, rudisha birika wima, gonga kidogo mgongo wake upande wa pili wa mdomo ili majani yarudi nyuma, kisha mimina tena. Hakuna aliyetuambia.

Sasa hapo ndipo nilimuuliza mwalimu wa kipindi hicho cha kwanza. Kwa adabu, kwa maneno machache: "Sensei, samahani, pakiti inasema fukamushi. Kadi haijakosea muda?"

Jibu lilikuwa kwamba tatizo ni maji yetu huku, na kwamba watu waliozoea chai ya maziwa na sukari ulimi wao huchelewa kuelewa. Nilipofungua mdomo kujibu, akanizimia maiki. Nikaandika kwenye sehemu ya maandishi, ikapitwa. Mwanafunzi mwingine akauliza jambo lilelile, naye akaambiwa atafute maji ya chupa.

Jamani. Mtu asiyejua aombe radhi kwa kutojua, hilo linasameheka. Lakini huyu alikuwa anajua! Dakika chache kabla ya hapo alikuwa ametueleza vizuri sana jinsi Nagatani Soen, mkulima wa chai wa Ujitawara huko Japani, anavyosifiwa kwa njia ya mwaka 1738 ya kupika majani kwa mvuke, kuyasokota na kuyakausha, na kwamba njia hiyo ndiyo mama wa sencha yote ya leo. Mtu anayefundisha kwamba mvuke ndio roho ya chai hii anaangaliaje pakiti iliyoandikwa "mvuke mrefu" akaona hakuna kilichobadilika?

Na hoja ya maji, niijibu kikamilifu, kwa sababu wengine waliondoka wakiiamini. Maji magumu, yale ya kisima yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika la umeme, kweli hayafai kwa sencha. Lakini kasoro yake ni kinyume cha aliyoisema: hupooza ladha. Chai inakuwa bapa, harufu haipandi, rangi inafifia. Hayaleti uchungu wa kukwaruza ulimi. Ukionja chai ikakukwaruza, tafuta kosa kwenye joto, muda au wingi wa majani. Kinachopendekezwa ni maji laini, ugumu wa kati ya miligramu 30 na 80 kwa lita, na chupa nyingi huonyesha kalsiamu na magnesiamu kwenye lebo. Mimi nilitumia maji laini ya chupa. Kikombe kilikuwa chungu vilevile. Kwa majani yaleyale, birika lilelile, sekunde 30, kikawa kitamu kama supu nyepesi ya mboga changa.

Kuhusu joto, kadi ina upungufu mwingine, ingawa huu naweza kuuvumilia. Inasema maji yaliyochemka ukiyahamisha kutoka chombo kimoja kwenda kingine hupungua kama nyuzi 10 kila mara, kwa hiyo uhamisho wa tatu unakufikisha 70. Hesabu hiyo imepigwa kwenye chumba chenye ubaridi na maji yanayochemka kwa nyuzi 100. Dar chumbani kuna nyuzi 31. Vyombo vyenyewe vina joto, maji hayapoi kwa kasi hiyo. Aliye Nairobi naye maji yake huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, akifuata uhamisho wa mara tatu atajikuta na maji ya uvuguvugu mno. Nunua kipimajoto cha jikoni. Na mizani, maana kijiko cha fukamushi kina uzito tofauti na kijiko cha sencha ya majani marefu.

Ningeishia hapo, nyota moja ingekuwa haki. Ila kipindi cha pili na cha tatu vilifundishwa na mama mmoja wa makamo, mtulivu, na kusema kweli sijawahi kuona gyokuro ikifundishwa hivyo.

Alianza na kivuli. Mashamba ya gyokuro hufunikwa kwa takriban siku 20 kabla ya kuchuma. Jani likikosa jua, ile theanini inayoleta utamu na umami (ladha nzito kama ya mchuzi) haibadiliki kwa wingi kuwa katekini, ambazo ndizo zenye ukakasi. Halafu akaonyesha kwa nini maji lazima yawe ya nyuzi 50 hadi 60: theanini hutoka hata kwenye maji ya vuguvugu, katekini na kafeini zinasubiri maji ya moto. Gramu 5, mililita 60 tu, dakika mbili. Birika lilikuwa dogo kiasi cha kuenea kwenye kiganja. Akainamisha, mkondo ukatoka, ukawa uzi, ukakatika. Watu wengi wangeweka chini. Yeye alibaki ameliinua, mkono haujatikisika, kamera imesogezwa karibu na mdomo wa birika, tone moja likajikusanya, likanenepa, likaanguka, jingine, jingine. Matone hayo ya mwisho ndiyo yenye ladha nzito kuliko yote, na pia ukiacha maji ndani majani yataendelea kuiva, mkamuo wa pili utakuwa mchungu. Baada ya hapo akasogeza kifuniko kikae upande ili joto litoke. Majani yaliyobaki akayala na sosi ya soya na matone ya ndimu. Mimi nimejaribu, ni laini, yanafaa kabisa.

Matcha pia aliifundisha kwa haki. Gramu 2, zichekeche kwanza kwa chujio dogo, maana unga huu unashikana kwa unyevu na kwa chaji ya umeme tuli, na bonge likishaingia majini halivunjiki hata upige vipi. Maji mililita 70 ya nyuzi 80. Chasen, kile kipigio cha mwanzi, ukiloweke kwanza kwenye maji ya moto ili meno yake yalainike, la sivyo yanakatika na kuingia kwenye bakuli. Mkono unakwenda mbele na nyuma kutoka kwenye kifundo, wala hauzungushi kama wa kusonga ugali, na meno hayagandamizi chini. Akaongeza kwamba povu nene si sheria ya Japani nzima: kuna shule mbili za sherehe ya chai, Urasenke hupiga povu likafunika bakuli, Omotesenke huacha sehemu bila povu. Hilo peke yake lilifuta ubishi mwingi ninaouona kwa watu. Kwa sisi wa Pwani alisisitiza, alipoulizwa, kwamba chasen isirudishwe kwenye kopo lake la plastiki ikiwa mbichi, itaota ukungu. Isimamishwe ikauke kwa hewa. Na pakiti ikitoka kwenye friji isifunguliwe papo hapo, iache ifike joto la chumba, vinginevyo mvuke wa hewa unatua juu ya majani na harufu imekwenda.

Kwa mama huyu natoa tano. Nilikuwa tayari kuandika nne kwa darasa zima na kusamehe kipindi cha kwanza, hata ule ulimi wa chai ya maziwa. Na niseme hapa: chai ya majani ya Kericho au Mufindi, iliyosagwa chembechembe, ikichemka sufuriani na maziwa na tangawizi ni chai kamili. Imetengenezwa ili ichemke. Anayeijua hiyo ana ulimi mzuri tu wa kujua kitu kilichoiva kupita kiasi.

Kipindi cha nne kilikuwa cha vyombo, udongo mwekundu wa Tokoname, mji wa wafinyanzi huko Japani, na mambo hayo. Kizuri, kifupi, kimekwisha. Mama wa gyokuro hakuwepo.

Halafu wakatuma cheti kwa barua pepe, pamoja na kadi mpya iliyochapwa upya kwa rangi nzuri, picha ya pakiti ileile ya fukamushi pembeni. Nikateremka moja kwa moja kwenye sencha. Gramu 5, mililita 200, nyuzi 70, sekunde 90.

Nilikuwa nimewaandikia. Wengine pia waliandika. Walipata nafasi ya kubadilisha tarakimu mbili tu, wakabadilisha rangi ya karatasi. Kwa hiyo zile nyota nne nilizotaka kutoa nimezifuta. Nasema mbili, na zote mbili ni za mama yule. Kama angekuwa anafundisha peke yake ningewaambia mjiunge leo hii.

Ukiamua kujiunga hata hivyo, omba kwanza kuambiwa sencha ya kwenye kifurushi ni ya mvuke mfupi au mrefu. Ikiwa ni fukamushi, chukua kalamu, futa mstari huo wa kadi na uandike juu yake: gramu 4, maji mililita 160, nyuzi 70, sekunde 30, usitikise birika, subiri tone la mwisho.