Diploma ya IB katika Shule za Umma: Bei Yake Halisi ni Saa za Walimu

Bodi ya shule ya umma ikitangaza kwamba inataka kuleta programu ya kimataifa, ukumbi hugawanyika papo hapo. Wapo wanaosema huo ni mtaala wa wageni utakaowatoa watoto katika misingi ya taifa lao. Wapo wanaosema bila programu hiyo mtoto wa mlalahoi hataonwa na vyuo vikuu vikubwa. Mabishano hayo huchukua usiku kucha, na ni nadra kusikia mtu akiuliza ratiba itakaaje, nani atasimamia insha 60 za utafiti, au nini kitampata mwanafunzi atakayeshindwa katikati. Programu hufaulu au hufa kwenye maswali hayo.

Inayopimwa hapa ni Programu ya Diploma ya International Baccalaureate (IB), taasisi isiyo ya faida iliyoanzishwa Geneva mwaka 1968. Si tawi la Umoja wa Mataifa, ingawa wapinzani wake hulirudia dai hilo. Ni huduma inayonunuliwa: shule inaomba idhini, inalipa ada ya mwaka, inapewa mwongozo wa kila somo, mafunzo ya walimu, mitihani na watahini wa nje. Baada ya hapo hukaguliwa kila miaka mitano.

Kinachonunuliwa ni kozi ya miaka miwili kwa vijana wa miaka 16 hadi 19. Mwanafunzi husoma masomo sita: lugha anayoimudu pamoja na fasihi yake, lugha ya pili, somo la jamii, sayansi, hisabati na sanaa. Asiyetaka sanaa anaruhusiwa kuongeza sayansi, somo la jamii au lugha nyingine mahali pake. Matatu husomwa kwa ngazi ya juu na matatu kwa ngazi ya kawaida. Kila somo lina alama 1 hadi 7. Juu yake kuna sehemu tatu za lazima: Nadharia ya Maarifa, insha ya utafiti isiyozidi maneno 4,000, na shughuli za ubunifu, mazoezi ya mwili na huduma kwa jamii. Nadharia ya Maarifa na insha kwa pamoja hutoa hadi pointi 3, hivyo kilele ni 45. Kupata diploma kunahitaji angalau 24, lakini jumla hiyo peke yake haitoshi. Masomo matatu ya ngazi ya juu lazima yafikishe pointi 12 na yale ya kawaida 9. Alama ya 1 katika somo lolote inamwangusha mwanafunzi, na daraja la E, la chini kabisa kati ya A hadi E, katika insha au Nadharia ya Maarifa vilevile. Wazazi wengi huonyeshwa ile 24 tu, kisha wanashangaa mtoto mwenye 27 anapokosa cheti.

Kwa ubora wa maudhui, hii ni miongoni mwa bidhaa bora kabisa katika elimu ya sekondari. Insha ya utafiti pekee ingetosha kuipa heshima: kijana wa miaka 17 anachagua swali, anatafuta vyanzo, anajenga hoja na kuitetea. Nadharia ya Maarifa inamfundisha kuuliza mwanahistoria anajuaje anachokisema, na kwa nini ushahidi wa mwanakemia haufanani na wa mwanahistoria. Mtu anayehofia kwamba programu hii inapandikiza itikadi angesoma vigezo vya usahihishaji: anayemeza msimamo mmoja bila kuupima hupoteza alama.

Sasa tuje kwenye saa. Somo la ngazi ya juu linapendekezewa saa 240 za kufundishwa, la kawaida saa 150, na Nadharia ya Maarifa saa 100. Jumlisha: 720, 450 na 100 ni saa 1,270 kwa miaka miwili, au 635 kwa mwaka. Shule yenye siku 180 za masomo na vipindi vya dakika 40 inahitaji vipindi vitano na ushei kila siku kwa programu hii peke yake, kabla ya kuweka masomo ambayo sheria ya nchi inayalazimisha. Somo la ngazi ya juu linataka kipindi kimoja kila siku ya shule. La kawaida ndilo linalowadanganya wapangaji: vipindi vitatu kwa wiki kwa wiki 36 ni 108, lakini saa 75 za mwaka ni vipindi 112 na nusu. Pengo linaonekana dogo mpaka mwaka wa pili, ambapo mitihani ya Mei huanza mwishoni mwa Aprili na kuzila wiki kadhaa za kufundishia. Shule zilizozoea huweka kipindi cha nne kuanzia mwaka wa kwanza. Zisizojua huishia kufundisha Jumamosi.

Kosa la pili la ratiba ni baya zaidi. Shule yenye wanafunzi wachache huwaweka wa ngazi ya juu na wa kawaida chumba kimoja na mwalimu mmoja. Tofauti kati yao ni saa 90 za maudhui. Kama hakuna kipindi cha ziada kwa wa ngazi ya juu, saa hizo hazifundishwi na mtu yeyote. Zinageuka kazi ya nyumbani. Katika fizikia na hisabati matokeo yake huonekana wazi kwenye karatasi ya mtihani.

Ada zenyewe haziogopeshi kama inavyodaiwa. Kwa shule, ada ya mwaka ya Programu ya Diploma inapita dola 10,000 za Marekani, na mtihani wa kila somo unapita dola 100 kwa mtahiniwa. Ukiigawanya ada ya shule kwa wanafunzi 100, kila mmoja anabeba kiasi kidogo. Mzigo mkubwa haumo kwenye ankara. Lazima awepo mratibu, na akibebeshwa vipindi vyote vya kawaida juu ya uratibu, mambo huharibika: usajili unachelewa, kazi zinapakiwa dakika za mwisho, makosa yanaingia. Insha ya utafiti inamtaka msimamizi atumie kati ya saa 3 na 5 kwa kila mwanafunzi. Wanafunzi 60 ni saa 180 hadi 300, na mwalimu mmoja akichukua zaidi ya wanafunzi watano, usimamizi hugeuka kusaini fomu tu. Kwa hiyo wanahitajika walimu 12 wenye nafasi kwenye ratiba zao, si 12 wa kujitolea jioni. Maabara, maktaba yenye hifadhidata za majarida na mafunzo ya walimu wapya kila wanapohama wenzao, vyote hivyo ni gharama ya kila mwaka.

Upande wa usahihishaji unastahili kuelezwa taratibu, kwa sababu ndipo shule za umma huumizwa bila kuelewa. Katika masomo mengi, sehemu ya alama, mara nyingi asilimia 20 hadi 30, hutokana na kazi ya ndani: uchunguzi wa kisayansi, mahojiano ya mdomo, utafiti wa kihistoria. Mwalimu huisahihisha, kisha sampuli hutumwa kwa mtahini wa nje. Mtahini akikuta mwalimu amekuwa mkarimu, marekebisho hayamgusi tu yule aliyechaguliwa kwenye sampuli. Yanawashusha wanafunzi wa somo hilo katika shule nzima. Mwalimu mwema anayetaka kuwasaidia watoto wake kwa alama za huruma ndiye anayewaponza. Dawa yake ni rahisi na haina gharama: walimu wawili wasahihishe kazi zilezile bila kuonyeshana, walinganishe, wabishane juu ya vigezo, ndipo wapeleke. Kama shule ina mwalimu mmoja tu wa somo, atafute mwenzake wa shule jirani.

Mfumo huo uliwahi kuyumba. Mitihani ya Mei 2020 ilifutwa kwa sababu ya korona, na alama zikakokotolewa kutokana na kazi za ndani, makisio ya walimu na rekodi ya shule. Wanafunzi wengi walilalamika, na walikuwa na hoja: kijana hodari katika shule isiyo na rekodi nzuri alikuwa anapimwa kwa kivuli cha waliomtangulia.

Je, watoto wa kipato cha chini wanafaidika? Ushahidi mzuri unatoka Chicago. Kuanzia 1997 jiji hilo liliweka IB katika shule 13 za sekondari za mitaani, ambazo wanafunzi wake wengi walikuwa Weusi na Walatino wa familia maskini. Utafiti wa University of Chicago uliochapishwa mwaka 2012 uliwalinganisha na wanafunzi wanaofanana nao. Walioingia kwenye kozi ya diploma walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi kwa asilimia 40 wa kujiunga na chuo cha miaka minne, na kwa asilimia 50 wa kujiunga na chuo chenye ushindani zaidi. Hayo ni matokeo ya kujivunia. Lakini utafiti huohuo ulionyesha kwamba ni asilimia 62 tu ya walioanza darasa la maandalizi linalotangulia diploma walioendelea mpaka kozi ya diploma. Bodi yoyote inayoisifia Chicago itaje na hao waliobaki nyuma, ieleze imewatengea nini.

Lawama ya ubaguzi ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi ya programu hii. Shule moja inakuwa na shule mbili ndani yake: walimu bora na madarasa madogo upande mmoja, waliobaki upande wa pili. Tatizo hilo halimo kwenye mwongozo wa IB. Linatoka kwenye mlango wa kuingilia. Shule inayotumia mtihani mmoja wa kuchuja itawapata watoto wa wenye uwezo wa kulipia masomo ya ziada. Inayoruhusu mwanafunzi kuchukua somo moja au mawili bila diploma nzima, kisha ikampa cheti cha masomo hayo, inafungua mlango kwa wengi. Na wapo wanaofaa zaidi katika programu ya ufundi na kazi ya taasisi hiyohiyo, iliyoanza 2012, inayochanganya angalau masomo mawili ya diploma na mafunzo ya taaluma. Ajabu ni kwamba katika mijadala ya umma hiyo haitajwi kabisa.

Mabishano ya kisiasa yana madhara yake. Februari 2006 bodi ya wilaya ya Upper St. Clair, jimbo la Pennsylvania, Marekani, ilipiga kura kuifuta IB. Familia zikaenda mahakamani, kesi ikaisha kwa mapatano na programu ikarudi. Kwa mwanafunzi aliye katikati ya kozi, kufutwa ghafla ni msiba, maana hii ni kozi ya miaka miwili inayopimwa mwishoni. Nusu yake haina thamani kamili popote. Bodi inayotaka kuiondoa ina haki hiyo, ila iandike tangu mwanzo kwamba waliokwisha kuingia watamalizishwa.

Kuhusu hofu ya utamaduni, Asia Mashariki imeonyesha njia nzuri kuliko kelele. Japani iliweka lengo la shule 200 mwaka 2013 na ikakubaliana na IB kwamba baadhi ya masomo yafundishwe na kutahiniwa kwa Kijapani. Korea Kusini ilifanya hivyo kwa Kikorea baada ya makubaliano ya mwaka 2019, ikianzia na ofisi za elimu za Daegu na Jeju. Nchi hizo hazikuipokea programu kama ilivyo wala kuikataa. Zilikaa mezani zikadai lugha yao iingie. Serikali yoyote inayonunua kwa shule nyingi ina nguvu hiyo.

Washindani wake? Masomo ya Cambridge na yale ya Advanced Placement ya Marekani, yaani kozi za kiwango cha chuo kwa wanafunzi wa sekondari, huchukuliwa moja moja, hivyo ni mepesi kwa shule ndogo yenye mwalimu mmoja hodari wa kemia na hakuna wa lugha ya pili. Unachokosa ni ule msingi wa pamoja, yaani zile sehemu tatu za lazima. Kwa shule yenye walimu pungufu, Cambridge ni chaguo la busara zaidi, na kulisema hilo si kuidharau shule.

Programu za IB za watoto wadogo na za kati ni habari nyingine. Hizo ni utaratibu wa kufundishia zaidi kuliko mtaala, zinagusa shule nzima, na lazima ziunganishwe na viwango vya taifa mada kwa mada. Fedha zikiwa chache, ni afadhali ziende kwenye diploma.

Mzazi anayepeleka mtoto aulize mambo machache kabla ya kusaini. Shule inatoa hisabati ipi kati ya mbili zilizoanza kufundishwa 2019? Vitivo vingi vya uhandisi hutaka ile ya uchambuzi, tena kwa ngazi ya juu, na shule nyingine hufundisha ile ya matumizi tu. Nani analipa ada za mitihani, na mitihani ikirudiwa je? Diploma inaweza kutafutwa katika vikao vitatu vya mitihani, na kila kikao kina malipo yake. Chuo anachokilenga kinatambua nini hasa? Vyuo vingi vya Marekani hutoa msamaha wa kozi kwa masomo ya ngazi ya juu peke yake, kwa alama ya 5 au 6 kwenda juu, ilhali vya Uingereza hutaja jumla ya pointi pamoja na alama za masomo matatu ya juu. Na aombe kuonyeshwa, kwa miaka mitatu iliyopita, wangapi walianza, wangapi walifanya mtihani na wangapi walipata diploma. Shule ikitoa wastani wa pointi tu bila idadi ya walioanza, arudi kuiulizia.