Tripsini isiyojila yenyewe

Kwa miaka mingi nilikata protini kwa tripsini, kimeng'enya kinachozikata vipande vidogo (peptidi), tena ile ya kawaida, isiyorekebishwa, na sikuona sababu ya kubadilisha. Hadi siku moja sampuli niliyoihangaikia wiki tatu iliposomwa kwenye spektromita ya masi, mashine inayopima uzito wa vipande hivyo na kuuonyesha kama vilele kwenye grafu, vikatokea vilele viwili virefu: 842.5 na 2211.1. Nilifurahi, nikijua nimeipata protini yangu. Kumbe vilikuwa vipande vya tripsini yenyewe, ya nguruwe, iliyojikatakata usiku kucha. Peptidi zangu zilikuwa zimefunikwa huko chini, hazionekani. Iliniuma sana, maana sampuli nyingine sikuwa nayo.

Ndipo nikahamia kwenye tripsini iliyorekebishwa. Kimeng'enya hiki hukata protini baada ya lisini na arginini, mbili kati ya asidi amino zinazojenga protini, na chenyewe kina lisini, kwa hiyo hujishambulia. Katika hii mpya, lisini hizo zimefunikwa kwa methili, vikundi vidogo vya kemikali, basi hakipati pa kujikata kwa urahisi. Pia imetibiwa ili kuua mabaki ya kimotripsini, kimeng'enya kingine ambacho hukata pasipotakiwa. Tangu nihamie, vile vilele viwili vimebaki vidogo sana, na grafu inasomeka.

Kichupa cha tripsini hii kina mikrogramu 20 tu, unga kidogo kiasi kwamba mara nyingine huuoni kabisa. Kizungushe kwanza kwenye sentrifuji kabla ya kufungua, usije ukaumwaga. Kisha yeyusha kwa asidi ya asetiki ya milimola 50. Usiyeyushie kwenye bafa ya kukatia, ile myeyusho inayoshikilia pH 8: katika asidi tripsini hutulia, lakini ikifika pH 8 huanza kazi papo hapo, sampuli iwepo isiwepo. Mimi naweka sehemu 1 ya tripsini kwa sehemu 50 za protini kwa uzito, nyuzi 37, usiku mzima, halafu naisimamisha kwa asidi ya fomiki.

Kasoro ipo. Lisini zikifuatana, au zikizungukwa na asidi ya aspatiki na ya glutamiki, tripsini huruka hapo bila kukata. Yurea, inayotumika kukunjua protini, ikiwa nyingi nayo huidhoofisha. Kwa protini ngumu sasa naanza na Lys-C, kimeng'enya kinachokata baada ya lisini na kuistahimili yurea, ndani ya yurea ya mola 6 kwa saa tatu, nazimua hadi mola 1, ndipo namimina tripsini. Vipande visivyokatwa vimepungua mno.