Uzoefu wangu: franchaizi ya kuku hapa Malindi, inalipa au hailipi?

Watu wananiuliza sana hili swali, wengine wananisimamisha hadi sokoni, ati dada ile franchaizi, yani kufungua duka kwa jina na utaratibu wa kampuni ya watu huku ukiwalipa, inalipa kweli manake nami nataka nichukue yangu. Nimeona niandike mara moja na hesabu zake zote, kwa sababu mimi nilipokuwa natafuta habari kabla sijaingia sikupata mtu wa Pwani aliyeeleza, wote walikuwa wa Nairobi, na Nairobi si Malindi.

Kampuni sitaitaja jina. Ni kuku wa kukaanga na chipsi, makao makuu yao Nairobi, nilifungua Julai 2023 hapa mjini, mkataba wa miaka 5. Ada ya kuingia laki 6. Kutengeneza duka kwa rangi zao, kaunta zao, fundi wao, milioni 1.4. Mashine za kukaangia, friza mbili na ile dude ya kuvuta moshi milioni 1.1. Gudwili, yani pesa ya kuachiwa nafasi, na diposti ya nyumba laki 3 na nusu, stoku ya kwanza laki 2. Ukipiga jumla ni 3,650,000. Ploti aliyoniachia marehemu baba kule Msabaha iliuzwa ikaingia humo, milioni 2.45, na milioni 1.2 iliyobaki nilikopa sacco. Sisemi hivi mnionee huruma, nasema ili mjue hii si pesa ya kujaribia jaribia.

Nianze na kizuri manake kipo na ni kikubwa. Wiki mbili za mafunzo Nairobi zilinifunza kazi ambayo sikuwa naijua, nami nilidhani nimelelewa jikoni. Mfano mafuta. Sisi huku mafuta tunayaangalia kwa macho, yakiwa meusi tunamwaga, yakiwa bado bado tunaendelea. Kule nilipewa vikaratasi vyembamba vya kupimia, unachovya kwenye mafuta ya moto sekunde chache unatoa unangoja, vile vistari vya bluu vikianza kugeuka njano unahesabu vingapi, na hapo ndo unajua mafuta yamechoka hata kama kwa macho yanang'aa. Siku ya kwanza nilipopima dukani yalikuwa yanaonekana masafi kabisa na vistari vitatu viligeuka. Toka siku hiyo sijawahi kubishana na kile kikaratasi. Kupima kila kipande, kuandika kila kuku aliyeingia na aliyetoka, kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka, kufunga hesabu kila usiku hata kama umechoka vipi, hayo yote nimeyapata kwao na hakuna wa kuninyang'anya.

Na jina linaleta watu, hilo nalo kweli. Desemba wageni wa bara wakishuka na familia zao hawaulizi bei wala hawaulizi kuku ametoka wapi, wanaona rangi wanazozijua wanaingia moja kwa moja. Ingekuwa nimeandika jina langu pale juu wangepita.

Lakini lile karatasi la makisio walilonionyesha kabla ya kusaini lilikuwa limejaa watalii, watalii, watalii, kwa sababu Malindi wao wanaijua kwa Wataliano. Jamani, Mtaliano wa Malindi ana pizza yake, ana jelato yake, ana mpishi wake huko Casuarina, haji kwangu kula kuku wa kukaanga. Wateja wangu ni wageni wa bara wa likizo, vijana wa maofisini, oda za bodaboda za jioni, na watoto siku ya Idi. Siku ya Idi el Fitri ni siku ambayo naipenda kuliko zote, watoto wamevaa kanzu na magauni mapya, wamekamata pesa zao za Idi mkononi zimelowa jasho, wanahesabu juu ya kaunta, mmoja anakosa shilingi ishirini mwenzake anamjazia. Hakuna aliyeniandikia hiyo siku kwenye makisio yao.

Sasa njoo kwenye mrabaha, ile ada ya kutumia jina lao, wenyewe wanaita royaliti, hapa ndo penye roho ya mambo na naomba msome polepole. Nalipa 6% kila mwezi na 2% ya matangazo, jumla 8%. Inakatwa kwenye MAUZO, si kwenye faida. Yani hata mwezi umekula hasara wao wanachukua chao. Na chini yake kulikuwa na kifungu kingine ambacho nilikipita haraka siku ya kusaini, kwamba mrabaha hauwezi kushuka chini ya 40,000 kwa mwezi hata ukiuza nini.

Mwezi mzuri kama Agosti au Desemba nauza kama 1,050,000 baada ya kutoa VAT, ile kodi ya serikali ya juu ya mauzo. Wao 84,000. Kuku, unga wao, viungo, mafuta na vifungashio 504,000. Kodi ya nyumba 55,000, wafanyakazi sita 132,000, stima na gesi 68,000, vitu vidogo vidogo 40,000. Inabaki 167,000. Mtu akisikia hapo anasema mashaallah dada umetoboa.

Haya tuje Mei. Mvua ya masika, kusi inavuma, bahari imechafuka wavuvi hawatoki, hoteli nyingi zimefunga na wafanyakazi wake wamerudi nyumbani bila mshahara. Malindi mvuvi akikosa na mfanyakazi wa hoteli akikosa basi mji mzima umekosa, hata wa tuktuk analia. Nauza 380,000. Bidhaa 182,400, nyumba ile ile 55,000, wafanyakazi wale wale, stima 50,000 manake friza haijui kama ni masika, vidogo vidogo 25,000, mrabaha wa chini 40,000 na matangazo 7,600. Ukitoa yote nina shimo la 112,000 na bado mkopo wa sacco 32,000 haujalipwa. Miezi kama hiyo kwa mwaka ni minne. Mizuri haswa ni mitatu. Mitano ya katikati inabakisha kama elfu 70 hivi.

Mwaka wa kwanza nilifunga na hasara. Mwaka wa pili, nikajumlisha yote na kutoa mkopo, nilibaki na 19,000. Ya mwaka mzima! Na mimi mwenyewe nimesimama pale siku sita kwa wiki sijajilipa hata mshahara. Kabla ya kutoa mkopo ilikuwa kama laki 4, na ukigawa ile milioni 3.65 kwa laki 4 unapata miaka 9, na mkataba wangu ni wa miaka 5. Hesabu hiyo ni ya dakika moja na mimi sikuifanya kabla ya kuuza ploti, hilo linaniuma mpaka leo.

Ami yangu anauza viazi karai jioni karibu na ufuoni, miaka zaidi ya ishirini. Nilipomwonyesha mkataba hakuuliza asilimia wala nini, aliniuliza tu, "Mwanangu, na kusi ikivuma, hao wenzio nao huipata?" Sikuwa na jibu. Niliporudi Nairobi kwenye kikao hilo swali ndo nililowauliza, kwa maneno yale yale.

Stima pia niseme. Agosti 25, 2023, mwezi mmoja tu toka nifungue, mnakumbuka nchi nzima ilikuwa giza usiku kucha. Friza zangu zimejaa kuku wa wikendi. Sheria yao ni kuku akishapita digrii 5 anatupwa, na ni sheria sahihi, siipingi, chakula si mchezo. Lakini hasara yote ilikuwa yangu peke yangu, na asubuhi nikaambiwa nipige picha wakitupwa kama ushahidi. Desemba mwaka huo huo ikatokea tena giza la nchi nzima, wakati huo nshanunua jenereta. Jenereta haikuwa kwenye ile orodha ya gharama walionipa mwanzo. Wala kutu haikuwemo. Hewa ya chumvi huku inakula chuma, skrubu za mlango wa friza zilioza miezi mitano tu na spea lazima nitoe kwa msambazaji wao, siruhusiwi fundi wa hapa.

Kuku vilevile. Gede hapo kuna watu wanafuga broila wazuri, wabichi, asubuhi kachinjwa mchana yuko kwangu, lakini mkataba unasema kuku ni wa mtu wao aliyeidhinishwa, anakuja na gari la baridi na usafiri ni juu yangu. Hili si langu peke yangu, ni la biashara zote za aina hii. Januari 2022 KFC Kenya iliishiwa na chipsi, katika nchi inayolima viazi Nyandarua na Meru, kwa sababu mzigo wa nje ulichelewa na wakulima wa hapa hawakuwa kwenye orodha ya walioidhinishwa. Ladha kuwa moja kila mahali ndo thamani ya jina, naelewa, ila ujue ladha hiyo unailipia nauli.

Ramadhani ya kwanza, 2024, ilinitoa machozi. Mkataba unasema duka liwe wazi saa nne asubuhi mpaka saa nne usiku. Malindi, Ramadhani, saa nne asubuhi nafungua nimuuzie nani? Niliwaandikia, nikaambiwa saa ni zile zile matawi yote. Nikalipa wafanyakazi mwezi mzima wakae waangalie viti mchana, halafu usiku watu wanatoka tarawehe wana njaa na wana pesa, mimi nafunga mlango. Mwaka wa pili nilipeleka risiti za kila saa, mauzo ya kila saa nimeyachapa, ndo wakakubali nifungue saa kumi jioni mpaka saa saba usiku. Ramadhani ya 2025 ikatoka kwenye orodha ya miezi mikavu. Na cheti cha halali pia nilikitafuta mwenyewe, wiki saba, kwa sababu hapa mteja anauliza hilo kabla ya bei na wao hawakuwa wamelifikiria.

Kitu kingine ambacho kila mtu akiangalie. Ukivuka mauzo ya milioni 5 kwa mwaka lazima ujiandikishe VAT, 16%. Sasa wao walikuwa wanakata ile 8% kwenye jumla ya mashine ya mauzo, VAT ikiwa ndani yake. Msichana anayenifanyia hesabu ndo aligundua. Mwezi wa 1,050,000 mashine inaonyesha 1,218,000, kwa hiyo nalipa 97,440 badala ya 84,000, yani nawalipa mrabaha wa pesa ya serikali. 13,440 kwa mwezi mmoja. Tulipiga barua wakarekebisha, za nyuma wakarudisha nusu.

Kwa nini haya yote ni ya kujitafutia mwenyewe? Kwa sababu Kenya hatuna sheria yake maalum ya franchaizi, unabaki na mkataba ulivyoandikwa. Marekani toka 1979 kuna kanuni, na siku hizi mwenye jina lazima akupe karatasi za maelezo ya biashara yake siku 14 kabla hujasaini wala kulipa. Afrika Kusini ukisaini una siku 10 za kazi za kubadilisha mawazo ukatoka. Mimi nilipewa mkataba Ijumaa nikaambiwa nafasi ya Malindi ina watu wengine wanaitaka, Jumatatu nimesaini. Kama kuna mwenzangu sasa hivi anaharakishwa hivyo, naomba ulale nao kwanza huo mkataba, mpe wakili, na uombe namba za wenye matawi watatu hivi, tena wa miji ya msimu kama wetu, wala usikubali kuchaguliwa wa kuongea nao.

Kwa hiyo inalipa? Mwaka huu wa tatu inaanza. Ile 40,000 ya chini wameiondoa kwa Aprili, Mei na Juni baada ya barua nne na safari mbili, wakati wa masika wafanyakazi wawili wanachukua likizo zao kwa zamu, saa za Ramadhani zimebadilika, VAT imerekebishwa. Hesabu ya nusu mwaka inaonyesha nikifika mwisho nitabaki na kama 290,000 baada ya mkopo. Ningekuwa nimeajiriwa ningepata zaidi, lakini mkopo unaisha 2027 na hapo picha ni nyingine. Kama una pesa yako yenyewe isiyo ya mkopo, na una akiba ya kukubeba miezi minne ya kusi bila kugusa mtaji, nakwambia angalia, inaweza kukufaa. Kama ndo ploti ya mwisho ya familia, usiuze. Nampa jina na mafunzo nyota nne, mkataba nyota mbili.

Mwezi uliopita wamenipigia wananitaka nichukue tawi la Watamu, ada ya kuingia watanipunguzia. Nimewajibu kwa maandishi. Mrabaha ukatwe kwa msimu, kuku nitoe Gede mtu wao aje amkague mfugaji, na jenereta iingie kwenye orodha ya vifaa toka mwanzo. Wamesema watanirudia. Mimi kesho nafungua kama kawaida.