Gemu za mazoezi kwa mzee anayeuguzwa nyumbani: ipi inunuliwe kwanza

Kama mzee wako ametoka hospitali baada ya kiharusi au kuvunjika nyonga, na mtaalamu wa fiziotherapia ameshakubali afanyie mazoezi nyumbani, mashine ninayoiweka ya kwanza ni Wii ya mtumba, mashine ya gemu ya kampuni ya Nintendo inayochezwa kwenye runinga, pamoja na kibao chake cha kusimamia. Ndiyo, ilitoka mwaka 2006 na Nintendo iliacha kuitengeneza mwaka 2013. Hata hivyo sijaona inayoizidi kwa kazi hii.

Kabla ya pesa kutoka, ujue jambo moja. Utafiti wa EVREST, uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Lancet Neurology, ulihusisha wagonjwa 141 wa kiharusi ambao mkono ulikuwa umedhoofika. Wengine walicheza Wii, wengine walicheza karata, bingo na michezo kama hiyo, na wote waliendelea na matibabu yao ya kawaida. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na Wii haikuonekana kuishinda karata. Kwa hiyo kama kinachomsumbua baba ni mkono, na bao analipenda, mwekee bao mezani, asogeze kete kwa mkono ule dhaifu. Pesa yako itabaki mfukoni. Gemu ninaitetea zaidi pale tatizo linapokuwa miguu na kusimama bila kuyumba.

Nafasi ya kwanza: Wii, Wii Fit na Balance Board

Wii Fit ni diski ya gemu za mazoezi, na Balance Board ndicho kibao cha kusimamia. Kibao hiki kina vipima uzito vinne, kimoja kila kona. Mzee akisimama juu yake, runinga inamwonyesha uzito wake umelalia mguu upi. Thamani yake yote iko hapo. Mtu aliyepata kiharusi, au aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga, mara nyingi huegemea mguu wenye nguvu bila kujijua. Ukimwambia, "Mama, egemea na huku," yeye anaamini ameshaegemea. Akiziona asilimia za kushoto na kulia kwa macho yake, ubishi unaisha. Kipimo hicho hicho humpa mtu "umri" wake wa Wii Fit na kumtajia unene, maneno ambayo mzee anaweza kuyachukia hadi akagoma, basi mpitishe hapo haraka.

Anzeni na Table Tilt, ambamo unainamisha meza ili mipira midogo itumbukie shimoni, kisha Penguin Slide, ambamo pengwini hukamata samaki kadiri unavyohamisha uzito kushoto na kulia. Soccer Heading iacheni. Mipira inakuja kwa kasi mno, na anayeikimbilia anaweza kuanguka.

Kibao kinabeba hadi kilo 150. Kinainuka sentimita 5 hivi kutoka sakafuni, na hatari kubwa iko wakati wa kukipanda na kukishuka. Weka mbele fremu ya kutembelea au kiti kizito cha mbao (cha plastiki kinateleza), nawe usimame nyuma kidogo, upande ulio dhaifu. Akitaka kushikilia, ashikilie. Akilalamikia kizunguzungu au kifua kubana, zima mashine papo hapo na umkalishe.

Sasa mitego ya sokoni. Wii ya Marekani ina adapta ya volti 120, ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa 230 au 240 inaungua. Diski za Ulaya hazisomeki kwenye mashine ya Marekani, wala za Marekani kwenye ya Ulaya, kwa hiyo ndugu aliye Minnesota asitume mashine halafu wewe ukatafute diski Kariakoo. Waya wake ni ule wa pini nyekundu, nyeupe na njano, na runinga nyingi mpya hazina matundu hayo, hivyo omba na kigeuzi cha HDMI. Mwambie muuzaji akiwashe kibao ukiwa hapo hapo, ukipande wewe mwenyewe, uone kama kinasoma uzito wako sawasawa. Fungua na sehemu ya betri uangalie kutu.

Nafasi ya pili: Nintendo Switch na Switch Sports

Ukitaka kitu kipya, nunua hiki. Chaja yake inakubali volti 100 hadi 240, na kadi za gemu hazibagui mashine imetoka nchi gani. Ila usiuziwe Switch Lite, haiunganiki na runinga.

Nguvu yake ni kwamba bibi na mjukuu wanacheza pamoja, bibi akiwa amekaa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya usawa na nguvu siku 3 au zaidi kwa wiki. Mzee aliyeachwa peke yake na rimoti hafiki huko. Mjukuu anayedai mechi ya marudio kila jioni atamfikisha. Mwenye vidole visivyokaza aanze na tenisi iliyo ndani ya gemu ya Switch Sports, ambayo inataka kuzungusha mkono tu, na kamba ya rimoti iwe imefungwa kwenye kifundo cha mkono muda wote.

Wengi watakusifia Ring Fit Adventure, gemu ya mazoezi ya Switch, na pete yake kubwa ya kushika kwa mikono miwili. Kwa mzee ambaye bado ana nguvu ni nzuri sana. Kwa mwenye magoti mabovu naiona nzito: inataka kukimbia bila kuondoka pale uliposimama, na ukichagua hali ya kimya, kukimbia kunageuka kuwa kukunja magoti. Aliye na Switch 2 ajue kwamba rimoti zake mpya haziingii kwenye pete hiyo, lazima awe na Joy-Con, yaani rimoti za Switch ya kwanza.

Nafasi ya tatu na ya nne

Xbox 360 yenye kamera yake ya Kinect inamfaa asiyeweza kushika kitu, kwa sababu kamera husoma mwili wenyewe. Lakini inataka nafasi ya karibu mita 2 mbele ya runinga, gemu zake nyingi hudai kuruka, na msaidizi akimsogelea mgonjwa, kamera huchanganyikiwa. Kwa anayehitaji kushikwa, hilo ni tatizo kubwa.

Meta Quest, ile miwani mikubwa ya gemu inayovaliwa usoni, naiweka mwisho. Inafunika macho, na mtu mwenye kuyumba hutegemea macho kujua amesimamaje. Kama watoto wameshamletea zawadi, acheze amekaa kwenye kiti chenye mikono, na mtu awepo chumbani.