Kibodi ya kuandikia WordStar: acha plagi, angalia taa

Jamani nimeliwa. Mwezi uliopita nimetoa pauni 95, bado usafiri kutoka Marekani mpaka hapa Uingereza, kwa kibodi ya IBM ya vitufe 83, ile nzito ya chuma ambayo ukiidondosha unaihurumia sakafu. Ikafika, plagi ikaingia vizuri kabisa kwenye kompyuta yangu ya 286, nikawasha, kimya. Muuzaji kaandika "imejaribiwa, inafanya kazi". Kweli inafanya kazi, ila kwenye XT, kompyuta ya IBM iliyotangulia, na yangu ni ya aina ya AT, iliyokuja baadaye. Plagi ni ileile ya pini tano lakini kila moja inaongea lugha yake, na hilo hakuna anayekwambia kabla hujalipa.

Mtu atauliza, kwani kibodi zimeisha madukani? Shida yangu ni WordStar, programu ya zamani ya kuandikia. Rob Barnaby alivyoiandika mwaka 1978 kwa mashine za CP/M, mfumo wa kompyuta wa enzi hizo, teminali nyingi (skrini na kibodi yake) hazikuwa na vitufe vya mishale, basi safari zote akaziweka mkono wa kushoto: shika Ctrl, E unapanda, X unashuka, S kushoto, D kulia, A na F unaruka neno zima. Na kwa vile kila kampuni ilikuwa na skrini yenye amri zake, WordStar ilikuja na programu ya INSTALL ya kuiambia iko kwenye skrini gani, na wanaojua asembli, lugha ya ndani ya mashine, wakaachiwa nafasi ndani yake watie viraka vyao wenyewe. Kiswahili chetu kinaingia humo bila tabu, hatuna nukta wala vikofia juu ya herufi, ukishapata kile kialama cha ng'ombe umemaliza.

Ila utamu wote huo unategemea Ctrl ikae ubavuni mwa A. IBM walikuwa wameiweka hapohapo, halafu katikati ya miaka ya 80 wakaleta kibodi ya vitufe 101, pale wakaweka Caps Lock na Ctrl wakaitupa kona ya chini. Caps Lock! Nani anaandika herufi kubwa kutwa nzima zaidi ya wajomba wa magrupu ya WhatsApp? Mimi kurasa nne tu kidole kidogo kinawaka moto. Kwa hiyo hapa nazipanga kibodi za kununua kwa kuangalia Ctrl kwanza, mambo ya rangi na mlio sitayagusa.

Namba moja ni IBM AT ya vitufe 84, ya mwaka 1984, na sioni aibu kusema naipendelea. Ctrl iko mahali pake, Enter kubwa unaipiga hata umefumba macho. Utaijua kwa taa tatu juu kulia, ile ya XT haina taa hata moja. Muombe muuzaji picha ya kona hiyo, akikuzungusha achana naye. Muulize pia sponji ya ndani, maana kwenye hizi IBM za zamani inaoza inakuwa unga na vitufe vinaanza kugoma.

Ya pili Northgate OmniKey, ina swichi ndogondogo za kubadilishana Ctrl na Caps Lock bila programu yoyote, walioitengeneza walikuwa na akili timamu. Ya tatu ndo hiyo XT iliyoniliza, inunue kama una kompyuta ya XT yenyewe au kigeuzi cha USB, na uzoee Shift ya kushoto iliyobanwa na kitufe kingine kabla ya Z. Ya nne Model M, ndo ile ya IBM ya vitufe 101, imara kweli, lakini Caps Lock ipo palepale, utatafuta programu ya kuvigeuza.

Za bei rahisi? Kibodi yoyote, ukigeuza vitufe kwenye setingi, na WordStar 7 mwandishi wa Kanada Robert J. Sawyer aliiweka bure mwaka 2024. Itakutosha.

Kinachoniudhi ni hawa wauzaji, kitu kilikuwa stoo kinakula vumbi, wakishaandika "ya kale" bei inapaa mara tatu, halafu usafiri wa kilo mbili na kitu unalipa wewe na ushuru juu yake. Nimemwandikia wangu kwa upole kabisa, nikamweleza XT na AT, nikaomba nirudishe. Kajibu maneno mawili, HAKUNA KURUDISHA, herufi kubwa zote.