Uzoefu wangu na Skyrim: uko peke yako, unamwibia nani?

Skyrim si gemu la juzi. Kampuni ya Bethesda walilitoa tarehe 11 Novemba 2011, na ninalolicheza mimi hapa Ngamiani, Tanga, ni Toleo Maalumu la Oktoba 2016, kwenye kompyuta ya mitumba ambayo betri lake lilishakufa na sasa inaishi kwa waya wa ukutani. Sifa za gemu lenyewe mmeshazisikia: milima ya theluji, majoka, mapango, vijiji ambavyo kila mtu ana shida anataka umtatulie, na uhuru wa kuitelekeza hadithi kuu ukaenda zako kuchuma uyoga. Ni kweli tupu, sina la kuongeza. Ninachotaka kueleza ni kile utakachokutana nacho ukishalizoea. Gemu hili limejaa njia za kuchakachua, humo ndani uko peke yako, na refa hayupo. Jinsi utakavyoishi na hilo ndiko kutakakoamua kama utalicheza mwaka mzima au utalichoka wiki ya pili.

Ya kiufundi niyaseme niondoke. RAM iwe gigabaiti 8, kadi ya grafiki iwepo hata kama ni ya zamani, na diski iwe na gigabaiti 12 wazi. Kulishusha kwa bando la simu ni kujitia umaskini, tafuta mahali penye waifai ya uhakika. Kiswahili hakimo, kwa hiyo jiandae kusoma na kusikiliza Kiingereza kingi. Na msimu wa kaskazi, joto la Tanga mnalijua, iweke kompyuta karibu na feni.

Sasa ugomvi. Aliyeuanzisha ni mpwa wangu, yuko kidato cha tatu, huja kwangu mwisho wa wiki. Siku hiyo alinionyesha kitufe kilicho chini ya Esc. Ukikibonyeza gemu linasimama na inafunguka konsoli, yaani sehemu ya kuandika amri. Andika tgm, hufi tena, nguvu haziishi, na mzigo haukulemei hata ukibeba vyuma vya ghala zima. Andika player.additem f 100000, una dhahabu laki moja mfukoni. Nikamwambia huo ni wizi. Akanijibu bila kuinua macho kwenye skrini, "Mjomba, humu niko peke yangu. Namwibia nani?"

Swali la haki kabisa. Konsoli yenyewe haikuwekwa kwa ajili ya wezi, ni chombo cha mafundi cha kujaribia gemu. Hata ile Konami Code maarufu, msimbo wa siri wa magemu ya kampuni ya Konami, ilizaliwa hivyohivyo: mwaka 1986 Kazuhisa Hashimoto alikuwa akilihamishia gemu la Gradius kwenye mashine ya Nintendo, gemu likamshinda kwa ugumu, akajitengenezea mfuatano wa vitufe ili aweze kulijaribu mpaka mwisho. Ikabaki ndani, watu wakaigundua, dunia nzima ikaijua. Kwa hiyo ukiniambia amri za konsoli ni haramu kwa asili yake, nitakuuliza nani alizitumia wa kwanza.

Wengi hukimbilia jibu jepesi: kilichomo ndani ya gemu ni halali, kinachotoka nje ni haramu. Ukipigana na kuchanganya dawa kwa kanuni zilizowekwa, uko sawa. Ukiandika amri au ukipachika modi, yaani nyongeza ya kubadilisha gemu, umeiba. Linasikika vizuri hilo, na Skyrim ndilo gemu linalolivunja kuliko jingine lolote nililocheza.

Chukua dawa za kunywa. Kuna nguo na pete unazoweza kuzitia uchawi wa kukuongezea ufundi wa kutengeneza dawa. Kuna pia dawa inayoongeza uwezo wako wa uchawi wa uponyaji, ule wanaouita Restoration. Kwa kosa la mafundi, dawa hiyo huupandisha hata uchawi wa nguo. Basi unakunywa, unavua, unavaa tena haraka kabla dawa haijaisha nguvu, na nguo zilezile sasa zinakupa ufundi mkubwa zaidi. Ukiwa umezivaa unatengeneza dawa nyingine kali kuliko ya kwanza. Unakunywa, unavua, unavaa. Namba zinapanda taratibu, kisha zinaruka, mpaka chupa moja inauzwa kwa bei ambayo hakuna mfanyabiashara wa nchi ile mwenye hela ya kuilipa, na upanga ulioutia uchawi kwa msaada wa dawa hizo unalaza joka kwa pigo moja. Ukizidisha, namba zinapinduka zinakuwa hasi, au gemu linaanguka kabisa. Hujagusa konsoli. Hujapachika modi. Kila ulichofanya kinaruhusiwa na kanuni za gemu, na mimi nasema huo ni wizi mtupu.

Cha kuchekesha ni huu upande wa pili. Kuna modi ya mashabiki, Unofficial Skyrim Special Edition Patch, ambayo kazi yake ni kurekebisha makosa waliyoyaacha mafundi. Ukiipachika, mchezo ule wa kuvua na kuvaa haufanyi kazi tena. Yaani kitu cha nje ndicho kinachozuia wizi, na cha ndani ndicho kilichouruhusu. Na ukishaiweka, tuzo zako za Steam, lile duka la magemu la mtandaoni, hufungwa kwa sababu umetumia modi, lakini anayejiandikia dhahabu laki moja kwenye konsoli tuzo zake zinaendelea kuingia. Mashine ikishahukumu namna hiyo, mimi siombi hukumu yake.

Konsoli nayo nimeitumia bila aibu. Kwenye mji wa Windhelm kuna misheni ya mauaji inayoitwa Blood on the Ice, na inajulikana kwa kukwama. Umefuatilia damu, umeongea na kila mtu, halafu aliyepaswa kuja haji, na hatua inayofuata haifunguki. Pale unaandika amri ya kusogeza misheni hatua moja na maisha yanaendelea. Kuna na tcl, inayokuruhusu kupita ndani ya vitu. Ukinasa katikati ya miamba, huna njia, unaiwasha, unatoka, unaizima. Asemaye huo ni wizi nitamwomba aje akae yeye ndani ya jiwe.

Halafu kuna ndoo. Kijiji cha Riverwood kina duka la Lucan Valerius, na dada yake Camilla huwa humohumo. Unashikilia kitufe cha E kunyanyua ndoo au birika, unamsogelea Lucan polepole, unamvika kichwani mpaka macho yote mawili yafunikwe. Hasemi kitu. Anabaki amesimama nyuma ya kaunta, mwenye duka mzima na ndoo yake, na kwa kuwa gemu linapima wizi kwa kuangalia kama kuna jicho linalokuona, unakomba rafu moja baada ya nyingine mbele yake. Camilla naye umtafutie chombo chake, la sivyo ataona kila kitu. Mpwa wangu alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mafundi hawakuupanga ujanja ule, umetokea tu kwa jinsi walivyoyatengeneza macho ya watu wao. Ni kosa, kama lile la dawa. Lakini huu siuiti wizi wa mchezo. Bado inabidi utafute chombo, ukielekeze vizuri bila kukiangusha, uwahesabu waliomo dukani. Bado unacheza. Na ukimaliza umepata mali ya kiduka kimoja cha kijijini, majoka yote yako palepale yanakusubiri.

Hapo ndipo ninapoupima mimi. Gemu linakuuliza: utaingiaje humu, utamshindaje huyu, utazipata wapi hela za nyumba? Kinacholiacha swali likiwa hai mimi nakiruhusu, hata kama ni kichekesho cha ndoo. Kinacholifuta, hata kwa kanuni halali, nakiita wizi, na anayeibiwa ni yule uliyekuwa jana ulipoanza mhusika mpya ukasema safari hii nitakuwa mwizi wa usiku, sishiki panga, sinunui silaha. Ukicheza bao peke yako, mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto, halafu ukaupunja mmoja kete, utasema nani kashinda? Mpwa wangu hilo alilielewa upesi kuliko nilivyotarajia, maana dhahabu laki moja zilimnunulia nyumba, farasi na silaha siku hiyohiyo, na jioni akaniuliza kama nina gemu jingine.

Kusevu nako kuna maneno. F5 unasevu, F9 unarudi ulipokuwa. Wako wachezaji wakali wanaosema kusevu hovyo ni woga. Hao hawakai nyumba yangu. Umeme ukikatika saa mbili usiku, kompyuta isiyo na betri inazima papo hapo, na joka ulilobakiza kidogo kulimaliza linafufuka. Nasevu kabla ya pango, nasevu nikitoka, na katikati nikisikia feni ya dari inaanza kulegea, kidole kiko F5 kabla sijafikiri.

Ila F9 ina kazi nyingine. Kwenye kuchomoa watu mifukoni, Skyrim limeweka kikomo: hata uwe bingwa wa mabingwa, nafasi ya kufanikiwa haivuki asilimia 90. Ile 10 iliyobaki ndiyo inayomtetemesha mwizi. Ukishikwa unalipa faini, unakimbia, au unakwenda kulala jela. Mwenye F9 hana 10. Anachomoa, anashikwa, anarudi, anachomoa tena mpaka ikubali. Kitufe ni kilekile, mimi najikinga nacho na umeme, yeye anajikinga nacho na gemu lenyewe.

Kiwango cha ugumu, kwa upande wangu, kisimsumbue mtu. Kwenye Novice, kilicho chepesi kuliko vyote, pigo lako linakuwa mara mbili na la adui nusu. Kwenye Legendary, kigumu kuliko vyote, adui anakuumiza mara tatu na wewe unampiga kwa robo tu ya nguvu. Jirani yangu anaendesha bajaji mchana kutwa, usiku anacheza Novice kwa sababu anataka hadithi na mandhari, si kupigwa. Kachagua waziwazi tangu mwanzo, na akisimulia husema hivyohivyo. Ninaokosana nao ni wale wanaotamba barazani kwamba wamemaliza Legendary, kumbe mkononi wana upanga wa dawa zile.

Liko moja ambalo mimi na mpwa wangu hatujaelewana hadi leo. Faendal, mpiga mishale wa Riverwood, hufundisha upinde kwa malipo, mpaka ufikie 50. Ukimsaidia kwenye mambo yake na Camilla, anakubali kufuatana nawe. Na ukishafuatana naye unaweza kufungua mizigo yake. Kwa hiyo unamlipa ada, anakufundisha, unafungua mkoba wake, unachukua ada yako, unamlipa tena. Kuna kikomo cha mafunzo matano kwa kila leveli, lakini ni matano ya bure. Mimi nasema hapo swali la hela limefutwa. Yeye anasema, "Mjomba, tunasafiri pamoja, tunakula pamoja, hela yake na yangu zina tofauti gani?" Nikamwambia Tanga nzima hakuna mwalimu wa twisheni wa namna hiyo. Akasema ndiyo maana anapenda Skyrim.

Nimempa nyota nne huyu mzee wa 2011. Ya tano nimeikata kwa sababu ya ile misheni ya Windhelm, kuuza gemu upya baada ya miaka mitano na bado inakwama ni dharau kwa mnunuzi. Ukilinunua, subiri Steam wapunguze bei, hupunguza mara kwa mara. Modi ile ya marekebisho iweke kabla hujaanza mhusika wako, usiipachike katikati ya safari. Kama tuzo za Steam ndizo unazozitaka, basi cheza bila hiyo modi, na zile dawa uziache dukani.