Handaki la mvua au la kijito?
Nyumba za kale zilizozungushiwa handaki la maji zimejaa mashariki mwa Uingereza, hasa Suffolk na Essex. Nyingi zilijengwa kati ya 1200 na 1350. Siri yake ni udongo mzito wa mfinyanzi. Ukichimba, maji ya mvua yanatuama yenyewe, na udongo uliotolewa unamwagwa katikati kuinua kiwanja. Ni kazi ya majembe tu, hata mkulima mwenye uwezo kiasi aliimudu. Taabu huja kiangazi: maji hayatembei, yanapungua, majani yanaoza humo, na tope lisipozolewa handaki linajifukia. Ndiyo maana mengine leo ni mabonde tu ya nyasi.

Handaki la kijito, mfano la nyumba ya kale ya Ightham Mote huko Kent, lina maji yanayotembea, na samaki hustawi. Ila linadai ukuta wa kuzuia maji, lango la kudhibiti kiasi chake na mfereji wa kumwaga ziada. Lango likiziba siku ya mvua kubwa, ukingo unamegeka.

Kwa ulinzi? Yote mawili yalizuia wezi na mifugo, jeshi halikutishika. Mengi yalichimbwa kwa ajili ya heshima vilevile.